Fungu la Ndege

Siku ya pili ya kimya, Atuganile Mwambene alipanda treni ya asubuhi kutoka Dodoma kwenda Bahi, akiwa na begi la mgongoni, chupa ya chai ya tangawizi, na uchovu ambao usingizi ulikuwa umeshindwa kuutoa tangu mwaka juzi. Alikuwa anakwenda kumwomba mtu ruhusa ya kufunga tawi, na mtu mwenyewe hajibu ujumbe wala hapokei simu.

Nje ya dirisha mtama ulikuwa umeinamisha vichwa. Punje zilikuwa zimeanza kutia maziwa. Huo ndio wakati wanaoupenda kwelea, na ndio wakati ambao zamani watoto walikatizwa shule wakapelekwa mashambani na makopo na makombeo, kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Siku hizi kazi hiyo ilifanywa na vipanga. Walikuwa ndege wa plastiki wenye ukubwa wa kiganja, wanaokaa juu ya miti wakijichaji kwa jua, kisha wanaruka wote pamoja wakiona kundi linakuja. Kila kaya ilikuwa na wake wachache. Ndani ya kila kipanga kulikuwa na programu iliyoitwa Kuamia, na programu hiyo haikuwa mali ya mtu. Iliandikwa na watu waliojitolea, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, na kila mkulima aliichukua bure. Wahenga hawakupata kusema kwamba cha bure kina mchovu wake, lakini wangeijua kazi ya Atuganile wangesema.

Kazi yake ilikuwa kutoa matoleo. Wengine waliandika, yeye alisimama mlangoni. Watu wa Kuamia walikuwa na lugha yao: programu yenyewe, pale ambapo kila mtu anaongeza chake kila siku, waliiita shina. Toleo likishakatwa kutoka kwenye shina na kufungiwa lisiguswe huku linajaribiwa, waliliita mwali. Mwali akiwekwa ndani haongezwi jambo jipya. Anatibiwa kasoro tu, na kila akitibiwa anahesabiwa kuwa mwali mwingine, na kungoja kunaanza upya. Anayemlinda ni kungwi. Atuganile alikuwa kungwi wa toleo la nne, na huyu aliyekuwa ndani alikuwa mwali wa tatu.

Alikuwa mwali mzuri, haki yake apewe. Vipanga wa toleo la nne waliongea wao kwa wao, shamba kwa shamba, wakajipanga ukuta mmoja kukata kata nzima na kulisukuma kundi mbele mpaka litoke. Katika kata za majaribio hasara ilikuwa sifuri. Rwegoshora, msemaji wa wakulima wa mpunga kule Ziwa na mjumbe wa baraza la mradi, alimpigia simu kumwambia kwamba tangu azaliwe sifuri alikuwa ameiona kwenye mfuko wa mkulima tu, leo ndiyo anaiona mahali pa maana. Alicheka peke yake. Kisha akauliza kama mwali atatoka kesho, maana kwelea hawangoji kikao.

Kilichobaki kilikuwa kimya. Ndivyo kanuni ilivyosema: kungwi anatangaza, halafu anangoja siku tatu. Mtu mmoja tu akisema anapinga na akatoa sababu, mwali hatoki. Wasiposema kitu, wamekubali. Kanuni hiyo ilitungwa zamani, walipokuwa wachache na kila mmoja ana kazi nyingine ya kumlisha. Ungengoja kila mtu aseme ndiyo, usingetoa kitu mpaka Kiama.

Jambo moja tu ndilo ambalo kimya hakikulitosha, nalo ni kufunga tawi: lazima anayelitunza akubali kwa kinywa chake. Vipanga wa zamani hawakuwa na nguvu ya kubeba toleo la nne, kwa hiyo walitunziwa tawi lao, tawi la tatu, na kila kasoro iliyotibiwa kwenye shina ilibidi mtu aibebe kwa mkono airudishe kwenye tawi hilo, aibadilishe iwatoshe wazee wale. Mtu huyo alikuwa Mwaluko Chidumizi wa Msangali. Aliianza Kuamia pamoja na Atuganile wakiwa chuoni, wakila ugali wa mkopo, na sasa alikuwa amebaki peke yake kwenye tawi lake. Baraza lilitaka lifungwe. Mashamba yaliyobaki nalo ni machache, walisema, na hayaleti malalamiko.

Atuganile alikuwa amepiga kura ya kulifunga. Alijiambia ni huruma, kwamba atampumzisha rafiki yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na pengine kwa sababu hiyo hakuwahi kumuuliza Mwaluko una uzito gani.

*

Kutoka kituo cha Bahi alichukua pikipiki ya umeme. Walipoikaribia Msangali dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Mbele yao, juu ya mashamba, kulikuwa na kitu kama moshi, ila moshi hauna sauti. Huu ulivuma.

Atuganile alikuwa ameishi na kwelea kwenye skrini kwa miaka, wakiwa nukta nyekundu zinazosogea. Hakuwa amesimama chini yao tangu ujana. Walishuka kwenye shamba la mkono wa kushoto, vichwa vya mtama vikainama kwa uzito, na waliponyanyuka mabua yalisimama wima. Vipanga watatu wa zamani, mabawa yameungwa kwa gundi, waliruka kutoka kwenye mgunga wakazunguka, wakalia king'ora chao chembamba, wakarudi kukaa. Kundi halikujali. Lilihamia shamba la kulia.

Pembeni ya shamba mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, anapura vichwa alivyowahi kuvikata vikiwa vibichi. Alijitambulisha kuwa ni Mama Sechelela. Atuganile alimsalimia kwa Kigogo, mbukwa, kwa kinywa cha mgeni, naye akaitikia kwa adabu kana kwamba ameambiwa vizuri. Hakuuliza mgeni ni nani. Alimwonyesha mkunguto uliojaa makapi.

"Ndege wa miaka yote tunawajua, mwanangu," alisema. "Wanakuja, wanaonja, wanapita. Hawa hawakuja. Hawa wameletwa."

Atuganile alimuuliza wameletwa na nani. Mama Sechelela alisema yeye hajui, ila wanatokea upande ule, kila siku upande ule ule, kwa mstari, kama ng'ombe wanaoswagwa. Akanyoosha mkono kuelekea mashariki. Mashariki ndiko kulikokuwa na kata za majaribio.

Mwaluko alikuwa chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba yake, kipanga amefunguliwa kifua mezani mbele yake. Alikuwa amekonda na ndevu zimeingia mvi upande mmoja. Hakuinuka. Alisukuma stuli kwa mguu.

"Umefuata tawi," alisema. "Lifunge. Nimekubali. Unataka niseme nini zaidi?"

Hicho ndicho alichokuja kukitafuta, na amekipata kabla hajakaa. Atuganile aliona aibu imempanda mpaka masikioni. Alimuuliza kuhusu ndege. Mwaluko alimjibu kwa utulivu kwamba hao ndege ni wake, Atuganile, ni wa mwali wake. Akamwambia afungue ramani yake nzuri aangalie. Atuganile aliifungua. Kata za majaribio zilikuwa kijani kibichi, na kila mahali penye vipanga wa zamani palikuwa na kijivu. Kijivu, kwa maelezo ya chini ya ramani, kilimaanisha hakuna malalamiko. Msangali ilikuwa kijivu safi kabisa.

Alikumbuka furaha ya sifuri, watu walivyotumiana pongezi. Hakuna hata mmoja wao, na wote walikuwa watu wenye akili, aliyeuliza swali la mtoto mdogo: ndege wamekwenda wapi? Kundi lililofukuzwa lina njaa ile ile. Ukuta ulilisukuma mpaka likakuta mahali pasipo na ukuta.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza. "Jana nimetangaza. Neno moja lingetosha, Mwaluko. Neno moja, mwali asingetoka."

Mwaluko aliweka bisibisi chini.

"Nilisema mwaka juzi, mlipoanza kuujaribu huo ukuta. Mkaniambia wanunue vipanga wapya. Nikasema tena mwaka jana, mkaniambia nilete takwimu. Kipanga wa zamani hana redio ya kutuma takwimu, na mliandika hivyo wenyewe. Mwaka huu sikusema. Sikunyamaza kwa sababu nimekubali, Atu. Nimenyamaza kwa sababu nimechoka."

Uchovu huo Atuganile aliujua. Ulikuwa ule ule wa kwake, isipokuwa wake yeye uliandikwa kama kazi na wa Mwaluko uliandikwa kama ridhaa.

*

Walikaa mezani wakafungua tawi la tatu na shina, upande kwa upande, kama walivyokuwa wakifanya chuoni. Hawakuwa na haja ya kutafuta sana. Katika tawi la tatu kulikuwa na kipande kifupi alichokiandika Mwaluko, kilichowaamuru vipanga wasiilinde mistari mitatu ya pembeni ya shamba. Watu wa Msangali walikiita fungu la ndege. Wageni walidhani ni huruma au mila. Mwaluko alisema ni hesabu tu: kundi lisilopata kitu linaondoka likiwa zima, linakwenda zima, linashuka zima. Kundi linalopata kidogo linagawanyika, wengine wanabaki wanadonoa, wengine wanatangulia, na kwelea waliogawanyika ni wasumbufu lakini hawamalizi shamba.

Kwenye shina kipande hicho hakikuwapo. Mtu fulani aliyekuwa anasafisha alikiona kinahesabiwa kama hasara, akakiondoa. Alitangaza. Siku tatu zilipita bila mtu kusema kitu. Ndivyo hasara ilivyokuwa sifuri.

Mchana ule Atuganile alitandika mbele yake njia alizokuwa nazo, akaziona zote mbaya. Angeweza kumwacha mwali wa tatu atoke kesho kama alivyo. Maelfu ya kaya zingevuna kila punje, na Msangali na vijiji vya kijivu kama Msangali vingebaki na mabua. Angeweza kumzuia kabisa. Basi wote wangebaki na toleo la mwaka jana, ambalo lilipoteza gunia moja katika kila matano, na Msangali ingepona kwa njaa ya wengine. Au angelirudisha fungu la ndege ndani ya mwali, kila shamba liache mistari yake, na ndege wagawanyike nchi nzima. Angemtangaza mwali wa nne, siku tatu zianze upya, na punje zingekuwa bado na maziwa, kwa shida.

Lakini mwali haongezwi jambo jipya. Je, fungu la ndege lilikuwa jambo jipya, au kulikosa ndiyo kasoro? Alimuuliza Mwaluko, naye akasema swali hilo ni la kungwi, yeye ni mlinzi wa tawi linalofungwa.

Atuganile aliamua kwamba kulikosa ndiyo kasoro, wakaandika pamoja kiraka cha kulirudisha. Mwaluko alikuwa na kumbukumbu za misimu mingi ya makundi yaliyopita Msangali, akazipeleka kwenye seva, wakamwachia mwali wa nne apambane nazo. Kundi lilifika kwenye ukuta, likapasuka, likamiminika huku na huku kwenye pembe za mashamba. Hakuna kijiji kilichobaki bila doa, na hakuna kilichomalizwa. Halikuwa jaribio kamili na wote wawili walilijua hilo. Muda wa jaribio kamili haukuwapo.

Kisha ikaja kazi ya kuandika tangazo, na hapo ndipo Atuganile alipokaa muda mrefu kuliko kote. Aliandika: Tunaomba kila shamba litoe mistari mitatu kwa ajili ya vijiji ambavyo ukuta wetu unavionea. Alilisoma, akajua kwamba mtu mmoja, popote pale, mwenye sifuri yake mkononi, atasema anapinga, na mmoja anatosha. Asingekuwa mtu mbaya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hata akimjua, mistari mitatu ni mistari mitatu. Alilifuta. Akaandika kichwa kingine: Marekebisho ya kasoro ya mipaka ya ulinzi, mwali wa nne. Chini yake akaeleza kila kitu, fungu lenyewe, mistari, hasara, akaambatanisha na picha za Msangali alizopiga asubuhi. Hakuficha neno. Alilipanga tu kwa namna ambayo mtu aliyechoka ataona kichwa na kuendelea na shughuli zake.

Mwaluko alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Hiyo hata mimi nisingeifungua," alisema.

"Najua."

"Unawafanyia walichotufanyia."

"Najua, Mwaluko."

Alituma. Halafu alikwenda kuosha uso, na maji ya mtungi yalikuwa ya moto kwa jua.

*

Kungoja kimya ni kazi ya ajabu. Miaka yote Atuganile alikuwa akingoja hivyo huku anafua, anapika, anabishana na fundi wa bomba, na kimya kikiisha anatoa toleo na kwenda kulala. Safari hii kila saa iliyopita bila neno ilimchoma. Alilala kwa Mama Sechelela, na mchana alimsaidia kupura kile kidogo kilichobaki. Alimweleza kazi yake ni nini na ndege walitoka wapi. Aliona ni haki yake kujua. Mama Sechelela alisikiliza mpaka mwisho, akampa mkunguto mwingine, wakaendelea. Siku iliyofuata ndipo alipouliza kama huko kwingine pia kuna wajane. Atuganile alisema wapo. Mama Sechelela alisema basi Mungu awasaidie wote, na hakulitaja tena jambo hilo.

Mwaluko alimuuliza tawi litafungwa lini. Atuganile alisema halifungi. Akasema atachukua nusu ya viraka, mwezi wake na mwezi wa Mwaluko, wapokezane. Mwaluko alicheka kicheko cha mtu aliyeahidiwa mengi, akasema atapokea nusu hiyo atakapoiona.

Siku ya tatu, mchana, saa chache kabla ya kimya kwisha, simu iliita. Alikuwa Rwegoshora. Atuganile alitoka bandani akasimama juani.

Rwegoshora hakusalimia sana. Alisema amesoma. Hakuishia kwenye kichwa kile cha kulaza watu, alisema, amesoma yote mpaka chini, na picha ameziona, na amerudi kuzitazama tena. Aliuliza mistari mitatu imepimwa kwa shamba la ukubwa gani. Atuganile akamwambia la ekari moja.

"Dada yangu Kemilembe aliolewa Usukumani," Rwegoshora alisema. "Mume amefariki. Ana jaruba moja la mpunga, ukisimama huku unaongea na mtu aliye kule bila kupaza sauti. Toa mistari mitatu kila upande, Atuganile. Katikati umemwachia nini?"

Atuganile alipiga hesabu kichwani. Alirudia, kana kwamba hesabu ingemwonea huruma akiipiga mara ya pili. Nusu ya jaruba ilikuwa imekwenda. Angeandika sehemu ya shamba badala ya mistari, kila mtu kwa ukubwa wake, jambo lingekwisha. Lilikuwa neno la mstari mmoja tu kwenye kiraka, na hawakuliona, si yeye wala Mwaluko, kwa sababu walikuwa wanaitazama Msangali na mashamba ya Msangali ni mapana. Akilibadili sasa, huyo ni mwali wa tano, siku tatu nyingine, na punje zitakuwa zimekwisha kuliwa.

Alimweleza Rwegoshora hivyo hivyo, bila kujitetea. Akasema litarekebishwa toleo linalofuata.

"Linalofuata ni mwakani."

"Ni mwakani."

"Atakula nini mpaka mwakani?"

Alikuwa hajui. Alimwambia hajui. Kisha akamwambia alichopaswa kumwambia, ingawa kila kitu ndani yake kilikuwa kinamwomba asiseme.

"Muda haujaisha, kaka Rwegoshora. Una haki ya kupinga, na sababu unayo, tena sababu nzito. Ukisema, namrudisha ndani."

Kundi lilikuwa linavuka juu ya banda, na Atuganile alifunika sikio moja ili amsikie akijibu. Hatimaye Rwegoshora aliuliza kama kelele hizo ndizo zenyewe.

"Ndio hao," Atuganile alisema.

"Wengi hivyo."

"Hapa ni wachache. Walio wengi wako shambani."

Akamsikia anavuta pumzi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kucheka simuni peke yake, na sasa alizungumza polepole kama anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

"Sipingi. Kemilembe nitampelekea kutoka kwenye debe langu, na wengine kama Kemilembe sijui nani atawapelekea. Nimenyamaza, umenisikia? Nimenyamaza tu. Usije ukaandika mahali kwamba nimekubali."

Alikata simu kabla Atuganile hajapata la kusema, na labda alifanya vizuri.

Saa ilipofika, Atuganile alirudi mezani akafungua mlango wa matoleo. Hakuna mwingine aliyekuwa amesema neno, nchi nzima. Mashine ilikuwa imeshamwandalia tangazo la kumtoa mwali, kama inavyoandaa siku zote, na mwisho wa tangazo ilikuwa imejaza yenyewe: Limekubaliwa na wote. Alikuwa ameupitisha mstari huo kwa matoleo yote aliyowahi kutoa, na leo ndipo alipousoma. Alimfikiria mwanamke asiyemjua, kwenye jaruba moja, ambaye kesho atawaona vipanga wake wakiwatazama ndege wanakula pembeni na asijue kwa nini. Alilia kidogo, bila sauti, na hakujificha.

Alifuta mstari ule. Akaandika: Hakuna aliyepinga.

Mwaluko alisogea akasoma. Aliuliza kama hilo si lile lile.

"Si lile lile," Atuganile alisema, akamtoa mwali.